Breki Nyekundu

3 Machi

Daktari wa presha amesema nikikasirika niandike badala ya kupiga kelele. Haya basi, naandika.

Mvua imeanza leo na wazimu umeanza nayo. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kaingia gereji na gari dogo la mkono wa pili, milango mitano, rangi ya maziwa. Gari la heshima kabisa, la kwenda kazini na kubebea mapazia anayouza. Hata injini hajazima, anasema anataka liwe spoti. Mume wangu akapiga makofi kama mtu aliyetangaziwa harusi. Nilikuwa chini ya teksi nabadilisha pedi za breki. Nikatoka na mafuta ya breki mpaka kiwikoni, nikawauliza swali moja tu: mtaanza na nini?

"Injini, bibie," akasema mume wangu. "Tunaanzia juu, tunashuka chini."

Akiniita bibie najua kuna kitu hataki nikiguse.

4 Machi

Leo nimemweka shemeji kitako wakati wa chakula. Nimemwambia, kaka, sikiliza. Kiwandani wanatengeneza gari hili hili kwa matoleo mawili. Ukiyaona barabarani utadhani ni mapacha, na wengi wanadhani tofauti ni beji ya nyuma na kelele. Toleo la kawaida limepimwa kwa mtu wa kawaida. Injini yake ndogo, klachi yake inatosha injini hiyo, springi zake laini ili mgongo usiume, na breki zake zinasimamisha uzito ule kwa mwendo ule. Hakuna kilichozidi na hakuna kilichopungua.

Toleo la kasi wameliwekea turbo, sawa. Lakini kwa sababu ya turbo wamebadilisha klachi isiteleze. Wameweka rejeta kubwa, maana joto limeongezeka. Springi fupi na ngumu, shokabu za kushika, chuma kinene cha kuunganisha magurudumu ili gari lisilale kwenye kona. Matairi mapana. Na breki, shemeji! Sahani mbele kubwa kama sinia, zina upenyo wa hewa katikati zipoe haraka, na kalipa, zile taya za kubana sahani, zinabana kwa pistoni nne badala ya moja. Wale watu walihakikisha linasimama, ndipo wakalipa mbio.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mdomo.

"Shemeji unajua kweli kweli. Sasa ile sauti ya ekzosi, ile ya kupasuka pasuka ukiachia mafuta, inatoka wapi?"

Nilikuwa na spana mkononi. Nimeirudisha kwenye sanduku taratibu, naomba niandikiwe thawabu.

6 Machi

Mvua. Magari manne, hasira mbili.

11 Machi

Wamefunga turbo ya mitumba. Wamemleta kijana wa kompyuta, kaichomeka laptopu, kaifungulia injini itoe nguvu zaidi. Gari sasa linaunguruma mpaka mabati ya gereji yanatetemeka. Chini halijaguswa hata skrubu moja. Springi zile zile, matairi yale yale, breki zile zile za kwendea sokoni.

Mama mkwe alikuwepo. Amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na kila Alhamisi shemeji anamshusha mlimani hadi hospitali kwa mazoezi. Anakaa juu kabisa, kwenye zile nyumba za ukingoni, na barabara yake inateremka kwa kona moja baada ya nyingine mpaka kwenye mzunguko wa chini. Alikuwa mpiga chapa ofisini miaka yote, mwanamke mkavu, hacheki ovyo. Leo alipanda kiti cha mbele, shemeji akakanyaga mafuta wakiwa wamesimama tu, na mama akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Ongeza kidogo," akasema.

Nampenda yule mama kuliko ninavyompenda mwanawe siku nyingi za wiki. Ndiyo maana sikucheka.

15 Machi

Nimesema na sirudii: mama hapandi gari lile mpaka breki zibadilishwe. Shemeji kanuna. Nimemwambia anune, uso ni wake. Namuona sasa kama nilivyomuona siku zote, mtu wa kujionyesha, kichwa kimejaa mapazia na hewa.

Mume wangu, ndiyo kiboko, kanishangaza. Hakubisha. Jioni karudi na boksi zito kutoka kwa wauza vyuma. Kuna toleo la kasi, lile halisi, liligongwa nyuma likakatwa, na yeye kachukua breki zake zote za mbele. Sahani, kalipa, mabomba. Nilizishika. Kalipa moja inaelemea mikono yote miwili. Nilimwambia mume wangu kwamba leo amenioa mara ya pili, akaona haya kama mvulana.

Kisha shemeji kaja na rimu mpya, za fedha, zinang'aa, kazinunua kwa kuangalia picha. Nikawaambia pimeni kwanza. Kalipa hizi ni nene na rimu zile zina vipande vya ndani vilivyojaa. Toleo la kasi lina rimu zake, kubwa zaidi, zimechongwa ili breki hizi zipate nafasi.

"Rimu ni rimu," akasema shemeji.

"Nitapima," akasema mume wangu.

17 Machi

Dada yangu kajifungua kwa kisu. Naondoka kesho, nitamhudumia siku kumi hivi. Nimemwambia mume wangu breki zinisubiri. Kila mtu mjini anajua injini za gereji hii ni za mume na breki ni zangu. Wengine wananiita Mama Breki hata msibani. Kasema sawa, bibie.

27 Machi

Nimerudi, na hazikunisubiri.

"Nimezifunga mwenyewe," akasema. "Mama alikuwa na hospitali Alhamisi. Ulitaka nimwache atembee?"

Nilikasirika nusu na kufurahi nusu. Nusu ya kukasirika ni kwa sababu kazi ile niliitaka, ni kazi unayoipata mara moja kwa miaka. Nusu ya kufurahi ni kwa sababu mama anapanda gari linalosimama. Nilikuwa sijamaliza kuvua viatu, shemeji kapita barabarani akapiga honi, mvua inanyesha, na kupitia zile rimu za fedha nikaona kalipa nyekundu, nyekundu ya kuiva, kama zilivyo kwenye matoleo yenyewe. Zimependeza. Niseme ukweli, zimependeza.

Nimemuuliza zilipataje nafasi kwenye rimu zile. Kasema alihangaika kidogo.

1 Aprili

Alhamisi. Mama kapiga simu kutoka hospitali. "Tumeshuka kama upepo, mwanangu. Mashavu yalikuwa yanarudi nyuma." Nimemwambia amwambie mwanawe apunguze. Kasema yeye ndiye aliyemwambia aongeze, na kwamba mume wangu ndiye aliyemfunga mkanda; siku hizi hupanda kwake kila Alhamisi asubuhi.

5 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Uani pamekuwa ziwa. Sina la kuandika ila kwamba mume wangu anaimba akifanya kazi, na hajui kuimba.

9 Aprili

Dereva wa teksi, mteja wangu wa zamani, kaja kubadilisha pedi. Ananiangalia nikifungua tairi, anasema, "Ile nyeupe ya spoti, ya yule muuza mapazia, nasikia breki umefunga wewe. Ndiyo maana jamaa anakata kona bila woga."

Nikamuuliza kasikia wapi.

"Kwa mumeo. Anamwambia kila mtu. Na yule mdogo wake anasema angefunga mwingine asingethubutu kushuka ule mlima kwa ile kasi."

Nilimalizia pedi zake. Alipoondoka nikamfuata mume wangu kwenye meza ya zana.

"Kwa nini unasema nimefunga mimi?"

"Watu wanauamini mkono wako. Nimekupa sifa, unagomba?"

"Sifa ya kazi ya mtu mwingine siitaki. Ikiharibika ni jina langu."

"Haitaharibika, bibie."

Kanivika kilemba cha ukoka halafu anataka nishukuru. Nilitaka kubishana zaidi, akaja mteja, na mbele ya wateja sisi hatugombani. Hiyo ndiyo sheria yetu na leo nimeichukia.

10 Aprili

Leo wapenda magari walikutana uwanjani, kila mtu na gari lake lililochezewa. Shemeji na mume wangu walikwenda, mimi nilibaki na kazi. Wamerudi wamelewa sifa. Mume wangu ananionyesha picha kwenye simu: watu wamechuchumaa pembeni ya gurudumu wanapiga picha kalipa nyekundu. Vijana kadhaa wanataka kuleta magari yao kwetu yafanywe vile vile. Gereji itavuma, anasema. Nimetazama picha mpaka akaninyang'anya simu. Imepigwa kwa mbali, mwanga mbaya, matope kila mahali. Lakini kuna kitu kwenye ile kalipa hakikukaa sawa machoni mwangu. Ilikuwa na nafasi kubwa mno kati yake na rimu. Kitu kile nilichokishika hakiwezi kuacha nafasi vile.

Nilimwambia. Kasema picha hudanganya.

15 Aprili

Mama kapitia gereji akitoka hospitali. Shemeji alimshusha langoni akakimbilia dukani. Nikamkalisha mama kwenye kiti cha wateja, nikamtilia chai.

"Gari lako linanuka," akaniambia. Anasema gari lako, kana kwamba nimelizaa. "Tukifika chini, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati."

Mume wangu akadakia pale pale, kabla sijafungua mdomo. "Pedi mpya hizo, mama. Pedi mpya hunuka mpaka zizoee." Huku anamsogezea stuli ya kuwekea mguu.

Ni kweli pedi mpya hunuka. Hunuka siku mbili tatu. Hazinuki wiki ya tatu.

Nimempigia shemeji hapo hapo nikamwambia alete gari nilione. Kasema ana shehena ya mapazia, atalileta Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamwambia lete kesho. Kacheka. "Shemeji, breki zako mwenyewe huziamini?"

Mbele ya mama sikutaka kuanza habari ya nani kazifunga; nikamwambia ashuke na gia ndogo. Kasema sawa sawa sawa, ile sawa ya kufukuza nzi.

20 Aprili

Presha imepanda. Daktari kaniuliza kama naandika. Nimemwambia kalamu imekaribia kwisha.

22 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilipiga kwa hasira yake na bati la stoo likaachia. Maji yakaanza kumwagika juu ya mashelfu. Mume wangu alikuwa amekwenda kununua gasketi. Nikaingia kuhamisha vitu: vichujio, mikanda, madumu ya oili. Chini ya shelfu la mwisho, nyuma ya magunia ya makopo ya rangi, nikavuta boksi. Zito. Nikalitambua kabla sijalifungua.

Zilikuwemo zote. Sahani mbili kubwa kama sinia, hazijafungwa popote, oili yake ya kuzuia kutu bado inateleza. Kalipa mbili za pistoni nne. Moja ilikuwa imesagwa ukingoni kwa mashine, chuma kimetoka cheupe, kama mtu aliyejaribu kuipunguza ili iingie kwenye rimu, akaona haiwezekani, akaacha. Na kando yake kopo dogo la rangi ya kustahimili joto, nyekundu, limebaki robo, na brashi.

Nilikaa chini kwenye maji. Nilielewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Hakupima. Breki alizoleta hazikuingia kwenye rimu za mdogo wake, akaona aibu kumwambia mdogo wake, akaona aibu zaidi kuniambia mimi, basi akachukua brashi. Akapaka rangi kalipa zile zile za kwendea sokoni, akasema mimi ndiye niliyefunga, kwa sababu jina langu halichunguzwi. Gari lina nguvu karibu mara mbili na linasimamishwa na breki za kubebea mboga. Na leo ni Alhamisi.

Nilimpigia shemeji. Akapokea mama.

"Anaendesha, mwanangu. Tumeshaanza kuteremka."

"Mama, weka sauti ya nje. Mwambie apunguze sasa hivi. Asimame pembeni."

Nikasikia mvua juu ya paa la gari na ule mngurumo wa ekzosi. Nikasikia shemeji anasema, "Kuna nini shemeji, niko kona ya tatu." Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Shemeji. Kanyagio limezama. Linakwenda mpaka chini."

Mafuta ya breki yalishachemka. Ukizidisha joto kwenye sahani ndogo, mafuta yanachemka, yanaingia hewa, unakanyaga hewa. Nilijua, na nilikuwa nimekaa kwenye maji umbali wa nusu mji.

"Gia! Rudisha gia ya tatu. Achia klachi taratibu. Sasa ya pili. Usizime injini, usizime kabisa! Handibreki kidogo kidogo, usiivute kwa pupa."

"Haisimami!"

"Itapungua. Pampu kanyagio. Gia ya pili, shemeji!"

Injini ililia. Mama hakupiga kelele hata kidogo. Nilimsikia tu anasema kwa utulivu, "Kulia kuna mchanga." Shemeji akapayuka, "Lakini breki si ulifunga wewe!" Halafu ukaja mlio wa chuma, mrefu, na simu ikaendelea kuwa hewani, na nikasikia kiashiria cha kupinda kinagonga, tik tok, na hakuna mtu anayesema.

Nimekwenda kwa pikipiki ya kukodi, nimelowa mpaka mifupani. Waliingia kwenye lundo la mchanga la wafyatua matofali na kutoka pale wakagonga ukuta. Mama ndiye aliyeumia zaidi. Bega limevunjika, na mkono wa kulia mahali pawili. Shemeji kashonwa kipaji. Daktari anasema ule mchanga umewaokoa, na kwamba walikuwa wameshapunguza mwendo.

Kabla sijaingia hospitali nilipiga goti kwenye matope pembeni ya gurudumu la mbele. Rangi nyekundu ilikuwa imeungua ikawa malengelenge. Chini yake chuma cha kawaida, pistoni moja.

23 Aprili

Nimemwambia mume wangu nimeona boksi. Tulikuwa kwenye ngazi za hospitali. Sikupiga kelele, na yeye aliogopa zaidi kwa sababu sikupiga kelele.

Kwanza akalia. Kisha akasema alikuwa anatafuta rimu kubwa, angebadilisha tu zikipatikana, ilikuwa ni suala la wiki. Kisha, Mungu wangu, kisha akasema, "Na wewe pia, kumpigia simu mtu yuko kwenye mteremko. Ulimchanganya."

Miaka yote nimesema mdogo wake ndiye mpumbavu. Mdogo wake alipewa gari akaambiwa breki zipo, akaamini. Kuamini si upumbavu. Huyu niliyelala naye alijua. Alhamisi baada ya Alhamisi alijua, na alikuwa anaimba.

Nimempa jambo moja tu la kufanya. Aingie wodini amwambie mama yake kwa mdomo wake mwenyewe, kisha amwambie mdogo wake. Nikisema mimi itaonekana najitetea. Shemeji tangu jana ananiangalia kama mwizi wake. Ameniambia neno moja tu: "Breki zako."

Aliingia wodini. Alikaa muda mrefu. Alitoka macho mekundu, kamasi zinamtoka, akanishika mkono akasema, "Nimemwambia."

Nilimsamehe kidogo. Kidogo sana, lakini nilimsamehe.

25 Aprili

Ule msamaha kidogo siutoi tena. Naurudisha kwangu.

Nimeingia kwa mama leo peke yangu. Mkono uko kwenye plasta mpaka begani, uso umevimba upande. Akaninyooshea mkono wa kushoto.

"Njoo, mwanangu. Nimekusamehe."

Nikadhani dawa ndizo zinazosema. "Umenisamehe nini, mama?"

"Breki. Ameniambia. Kwamba ulifunga kwa haraka, ulikuwa na safari ya kwa dada yako, ukakosea. Kila mtu hukosea."

Nilisikia damu inapanda masikioni. Daktari wa presha angekuwepo angeniita gari la wagonjwa. Nikasema, "Mama, sikuzigusa. Sikuwepo. Mwanao alipaka rangi zile za zamani, na breki zenyewe ziko kwenye boksi chini ya shelfu. Nimeziona."

Hakushtuka. Ndilo lililonitisha. Alitazama dari, akalamba midomo yake iliyokauka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua anadanganya. Nimemzaa. Tangu mdogo, akidanganya hunihudumia kupita kiasi. Juzi hapa alikuwa ananiongopea na ananinyoosha shuka, ananinyoosha shuka, mpaka nikamwambia basi." Akanibana mkono. "Nisikilize. Baba yao alikufa hasemezani na ndugu yake. Miaka ishirini, nyumba zinatazamana. Sitaki kuzika mmoja na mwingine hayupo. Mdogo akijua, hatamsamehe kaka yake. Lakini wewe, akikukasirikia wewe, itapita. Wewe una mgongo mgumu. Libebe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe si damu," akasema. Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza njia.

Mimi ndiye niliyemwogesha alipotoka kwenye upasuaji wa nyonga. Mimi ndiye anayemkata kucha za miguu. Nimemwambia hayo, sauti ikaniponyoka, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Nimemwambia mkono wangu ndio kazi yangu, kesho nani ataniachia breki zake? Nimemwambia kwamba mwanawe karibu amuue, na yeye anamtafutia mtu wa kumbebea mzigo.

"Libebe," akarudia, na akafumba macho.

Nilitoka. Kwenye korido walikuwa wamekaa wote wawili kwenye benchi, mume wangu na shemeji mwenye plasta kipajini, wanakunywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Shemeji alipoona natoka akageuza uso. Nikasimama mbele yao. Nilisema yote, kuanzia rimu hadi boksi hadi brashi, na sikutia chumvi kwa sababu haikuhitaji. Nikamwambia kama haamini akalitazame gari lake, achokoe ile rangi kwa ukucha.

Mume wangu alikichukua kikombe cha mdogo wake akakifuta ukingo kwa mkono wa shati, akamrudishia. Nikajua mama alikuwa anasema kweli.

Shemeji hakukipokea. Alimgeukia kaka yake.

"Na mama ulikuwa unamfunga mkanda wewe mwenyewe," akasema. "Kila Alhamisi unakuja, unainama, unamfunga mkanda."

Mume wangu akasema, "Nilikuwa nataka—"

Shemeji alinyanyuka akaenda zake kwenye mvua bila koti. Hakurudi.

28 Aprili

Nimelala kwa dada. Mtoto mchanga analia na mimi nalia, tunapokezana.

30 Aprili

Mvua imepungua. Dereva wa teksi kanipigia kuniuliza kama nafanya kazi popote nilipo. Nimemwambia alete gari hapa hapa kwa dada, nitafungulia uani.

2 Mei

Leo limetoka jua. Nimekwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa, sijui hata kwa nini, nimejiambia nakwenda kuchukua bakuli langu.

Mama alikuwa peke yake. Trei ya chakula iko kwenye meza ya pembeni, supu imeshaganda mafuta juu. Muuguzi akaniambia vijana wake hawajaja tangu Jumapili iliyopita. Mkubwa anapiga simu kuuliza kama mdogo yupo, na mdogo anapiga kuuliza kama mkubwa yupo, na hakuna anayekuja. Wauguzi wana wagonjwa wengi, wanamlisha wanapopata nafasi.

"Umenivunjia wanangu," mama akaniambia. Hakuniita mwanangu.

"Wamevunjika kwa breki, mama. Si kwa mdomo wangu."

"Ningekuwa na mkono ningekuzaba."

"Najua."

Nikaenda nikaomba supu ipashwe moto. Nikarudi, nikamwinua, nikamwekea taulo kifuani. Alikaza mdomo. Nikasubiri na kijiko hewani, na nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumwaga bakuli lote dirishani, niondoke nisigeuke tena. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia nina hasira na wewe na sijui itaisha lini.

"Na mimi," akasema, na mdomo ulipofunguka kusema, nikatia kijiko.

Alimeza. Alinitazama kwa jicho lile moja lisilovimba, kavu, bila haya na bila shukrani. Nikachota kingine. Nimemlisha mpaka bakuli likaisha, nikamfuta kidevu, na kengele ya kuondoka ilipolia akasema, akitazama ukutani, kwamba chakula cha jioni huletwa saa kumi na moja.

Nimesema nitakuja.